Kiazi Kisicho na Jicho: Kufundisha Sayansi katika Bustani ya Dalia

Katika shule za nyanda za juu, kama vile Lushoto, Njombe na Tukuyu, si ajabu kukuta tuta la dalia mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Wanafunzi hulipalilia na kulimwagilia maji. Pengine mwanafunzi aliyechelewa hupelekwa huko kulima kama adhabu. Lakini ni mara chache daftari la sayansi kufunguliwa kando ya tuta hilo. Maua hayo hutazamwa na wageni, nayo elimu iliyo chini yake hubaki imefukiwa.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya elimu yenyewe, si kazi iliyobandikwa pembeni mwa masomo. Wapo watakaosema kwamba fikra hiyo inahusu mahindi na maharage tu, kwa kuwa ua haliliwi. Sisi tunaona vingine. Kazi yoyote ya mikono ikifanywa bila kuulizwa sababu yake ni kazi tupu, hata ikizaa magunia. Na kazi ikiulizwa sababu yake ni somo, hata ikizaa ua. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu jinsi ya kuigeuza bustani ya dalia kuwa darasa.

Mmea wenyewe

Asili ya dalia ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati. Mmea huu ulifikishwa Madrid, Hispania, mwaka 1789, na mwaka 1791 mtaalamu Antonio José Cavanilles akaupa mmea huu jina kwa heshima ya Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Mwaka 1963 Meksiko ililitangaza dalia kuwa ua lake la taifa. Mwalimu anayefundisha watoto wa pwani aeleze kwamba jina hili halihusiani na ile dalia ya manjano yenye harufu nzuri ambayo akina mama hujipaka.

Dalia ni ya ukoo mmoja na alizeti. Tunachokiita ua moja ni kusanyiko la maua mengi madogo yaliyokaa pamoja juu ya kitako kimoja. Mwalimu awape wanafunzi ua la dalia la safu moja na ua la alizeti, awaache walipasue na kulinganisha. Wataona wenyewe ukoo huo kabla hawajauambiwa.

Somo la jicho

Shabaha ya somo ni kumwezesha mwanafunzi kutofautisha viazi kwa asili yake, na kueleza kwa nini baadhi ya vipande huchipua na vingine havichipui.

Kiazi mviringo ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Ndiyo maana kina macho kila upande, na kipande chochote chenye jicho huweza kuota. Kiazi cha dalia ni mzizi ulionenepa. Macho yake hayapo mwilini mwake bali shingoni, pale kinapoungana na shina la zamani. Kiazi kitamu nacho ni mzizi, lakini chenyewe huweza kutoa machipukizi kutoka mwilini mwake. Hivyo viazi vitatu vinavyofanana machoni mwa mtoto vina tabia tatu tofauti.

Wanafunzi wamezoea kupanda viazi mviringo nyumbani, kwa hiyo wengi watakata kiazi cha dalia katikati na kungoja. Mwalimu asiwakataze. Agawe darasa katika makundi manne: la kwanza lipande kiazi cha dalia chenye shingo na jicho, la pili kiazi cha dalia kilichokatwa shingo, la tatu kipande cha kiazi mviringo chenye jicho, na la nne kiazi kitamu. Kabla ya kupanda, kila mwanafunzi aandike anachotarajia na sababu yake.

Dalia yenye jicho huchomoza kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne. Kiazi kisicho na jicho hakitachomoza kamwe. Jambo la ajabu ni kwamba kikifukuliwa kinaweza kukutwa bado kigumu, pengine hata kimetoa vijizizi. Hakikufa, kina chakula na kina maji, ila hakina mahali pa kuanzia shina. Mwanafunzi aliyekishika kiazi hicho mkononi hatahitaji kukariri maana ya chipukizi.

Somo la iodini

Ikiwa shule ina iodini, somo la pili lifuate. Kipande kibichi cha kiazi mviringo kidondoshewe tone moja. Kitageuka rangi ya bluu iliyokaribia weusi, dalili ya wanga. Kipande cha kiazi cha dalia kikidondoshewe tone hilohilo kitabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Mwanafunzi atasema, "Basi hakina chakula." Hapo ndipo swali lilipo: mmea uliota kwa kula nini?

Jibu ni kwamba dalia huweka akiba yake kwa namna nyingine, iitwayo inulini, ambayo haibadiliki rangi kwa iodini. Funzo ni kubwa kuliko dalia: kipimo hujibu swali lile tu kilichoulizwa. Iodini iliulizwa kuhusu wanga. Haikuulizwa kuhusu chakula.

Upandaji na utunzaji

Ili masomo haya yafaulu, bustani haina budi kutunzwa ipasavyo. Mahali pawe na jua la saa sita au zaidi kwa siku, na udongo usiotuamisha maji. Kiazi kifukiwe kina cha sentimita 10 hadi 15, jicho likitazama juu. Aina ndefu zipewe nafasi ya sentimita 60 hadi 90 baina ya mche na mche. Mti wa kuegemeza usimikwe siku ileile ya kupanda, kwa maana ukichomekwa baadaye huweza kutoboa viazi. Udongo ukiwa na unyevu, usimwagiliwe mpaka chipukizi lionekane. Kiazi kisicho na mizizi hakiwezi kuyatumia maji hayo, kitaoza. Mboji na samadi iliyooza vizuri hufaa, lakini mbolea ya naitrojeni ikizidi mmea utakuwa na majani mengi na maua machache.

Mche ukifikisha jozi nne za majani, ncha yake ikatwe. Machipukizi yaliyo kwapani mwa majani yataamka, na mmea utatanuka. Mche mmoja uachwe bila kukatwa ili darasa lipate cha kulinganisha. Maua yanapokaribia, aghalabu matumba matatu hutokea pamoja kwenye ncha. Mawili ya pembeni yakiondolewa, la kati litakuwa kubwa zaidi. Maua yaliyonyauka yakatwe ili mengine yafuate.

Konokono hushambulia machipukizi machanga, nao huokotwa kwa mkono jioni. Vidukari hufyonza utomvu na kueneza virusi. Mmea uliodumaa, wenye majani yaliyopauka kandokando ya mishipa, hauna dawa: ung'olewe na kuchomwa, na viazi vyake visigawanywe. Kisu cha kugawia kisafishwe kila baada ya shina moja.

Kugawa viazi

Mmea ukishakauka, shina hukatwa na kuachwa sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Baada ya wiki moja hivi macho ya shingoni huanza kuvimba na huonekana kwa urahisi. Udongo uchimbwe mbali na shina, kisha shada lote liinuliwe taratibu, kwani kiazi kikivunjika shingo kimepotea. Kila kiazi kikatwe pamoja na sehemu ya shingo yenye jicho, kidonda kiachwe kikauke, na viazi vihifadhiwe katika mchanga mkavu mahali pa baridi pasipo jua.

Wakati huu unafaa kufundisha urithi. Kiazi kilichogawanywa huzaa ua la rangi ileile ya mama yake. Mbegu za dalia hiyohiyo zikipandwa, huzaa maua ya rangi na maumbo mbalimbali, kwa sababu dalia za bustanini ni machotara wa vizazi vingi. Tuta moja la viazi na tuta moja la mbegu, yakikaa jirani, yatasema mengi kuliko ubao.

Upimaji

Hapa tunaomba mwalimu awe mwangalifu. Kundi lililopewa viazi visivyo na macho halitaona ua, ilhali wenzao watasifiwa na kila apitaye. Mwalimu akitoa alama kwa wingi wa maua, atakuwa amewaadhibu watoto kwa jambo alilowapangia yeye mwenyewe. Na mwaka utakaofuata watachomeka kwa siri kiazi chenye jicho ili wasiaibike. Hivyo ndivyo udanganyifu katika sayansi unavyoanza. Alama zitolewe kwa daftari: je, mwanafunzi aliandika alichoona, siku aliyokiona, hata kama hakikulingana na matarajio yake? Kundi lisilopata kitu likiandika kwa ukweli "hakuna kilichochomoza, tumefukua, kiazi ni kigumu," limefanya kazi ya daraja la juu.

Kwa sababu hiyohiyo tuache kuifanya bustani kuwa mahali pa adhabu. Mtoto hawezi kuwa mfungwa wa tuta asubuhi na mchunguzi wake mchana.

Maswali ya majadiliano kwa walimu wanafunzi

1. Shule yako haina iodini. Utafundishaje kwamba kipimo kimoja hakijibu maswali yote?

2. Mzazi analalamika kwamba mtoto wake analimishwa maua. Utamwonyesha nini katika daftari la mtoto huyo?

3. Andaa somo la dakika 40 kwa kutumia mche uliokatwa ncha na ule usiokatwa. Eleza ni lini utanyamaza na kuwaacha wanafunzi waseme.