Maswali na Majibu: Tammany Hall na Hazina ya New York

Je, ni kweli kwamba William Tweed, kiongozi wa Tammany Hall, kikundi cha kisiasa cha Wademokrati kilichoutawala mji wa New York, alikuwa akichota fedha za mji usiku, kwa ufunguo wa siri?

Barua nne zimeuliza hayo kwa maneno mbalimbali, nami nazijibu pamoja, kwani dhana hii ndiyo iniudhiyo kupita zote: humfanya msomaji amvizie mwizi dirishani, ilhali mwizi yu mezani, kalamu mkononi. Litazame jengo la mahakama lililoanzwa mwaka 1861 katika mtaa wa Chambers. Fundi aliagizwa aandike hati ya madai iliyozidi kazi yake mara nyingi. Hati ikapita kwa mkaguzi, ikatiwa saini na Connolly mtunza hesabu na Meya Hall, ikalipwa mchana kweupe. Kisha fundi akabakiziwa fungu lake, na salio, ambalo hatimaye lilifikia senti 65 katika kila dola, likawarudia Tweed na wenziwe. Seremala mmoja aliandikiwa dola 360,751 kwa kazi ya mwezi mmoja, katika jengo la chuma na marumaru! Stakabadhi zilikuwapo. Basi anayejigamba mbele yangu kwamba kila senti ya ofisi yake ina risiti, hajaniambia neno.

Wahajiri wa Ireland hawakuwa wajinga kuwapigia kura wezi?

La. Mtu ashukaye melini hana ajira wala jamaa, akapatiwa kazi ya barabara, mkewe akaletewa makaa wakati wa theluji, na maiti wao akasindikizwa na mjumbe wa Tammany wa mtaa, alikuwa akilipa fadhila kwa yule aliyempigia hodi. Waungwana waliomcheka hawakumpelekea hata gunia moja.

Ni katuni za mchoraji Thomas Nast zilizomwangusha Tweed?

Zilimchoma, lakini kilichomwangusha ni daftari: karani alizinakili hesabu, O'Brien, aliyekuwa sherifu na mwenye kinyongo kwa kunyimwa madai yake, akazifikisha kwa New York Times, nalo likazichapa Julai 1871. Katuni ilifanya kazi baadaye, Tweed alipotoroka kizuizini akakimbilia Kuba na kisha Hispania, ambako mwaka 1876 alitambuliwa kwa mchoro wa Nast.

Alipofia gerezani mwaka 1878, mambo yalikwisha?

Hayakwisha.

Hata baada ya miaka hamsini?

Sherifu Thomas Farley wa Tammany, alipoulizwa na mchunguzi Samuel Seabury fedha zake za benki zilitoka wapi, alijibu kwamba zilitoka katika kisanduku cha bati. Gavana Roosevelt akamwuzulu mwaka 1932.