Dondoo muhimu: Skrini nyeusi baada ya kusasisha Linux

Umesasisha Ubuntu usiku. Asubuhi kompyuta inawaka, feni inavuma, lakini skrini ni giza tupu. Usikimbilie fundi wa Uganda Road, Eldoret, akufutie kila kitu. Kwa kawaida faili zako zingali salama.

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiona maandishi yanayokuomba jina, shukuru: mfumo uko hai, ni picha tu iliyokwama. Ingia (nywila haionekani ukiichapa, usishtuke), kisha andika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

Hapa Eldoret mimi huanza na amri hizo. Mvua ya jioni ikishuka stima hupotea, na usasishaji hukatika ukiwa nusu.

Hakuna maandishi? Zima, washa, kisha gusa Esc mara moja; kwenye mashine za zamani shikilia Shift. Menyu ya GRUB ikitokea, ingia "Advanced options" uchague kerneli ya awali, yenye nambari ndogo.

Bado giza? Rudi kwenye menyu, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni, halafu F10. Badiliko hilo ni la kuwasha mara moja tu. Skrini ikirudi na kadi yako ya picha ni ya NVIDIA, shuku draiva kwanza: sudo ubuntu-drivers install, ukiwa na bando la kutosha.

Na kabla ya kusasisha tena, chomeka chaja, chaji ijae.