Zamu ya Fundi

Katika lopitali kubwa kuna nyumba moja ambayo mlango wake haufungwi, wala mchana wala usiku. Ndiyo nyumba ya wagonjwa wa haraka. Humo huletwa waliogongwa na motokari, walioungua moto, watoto waliopandwa na malaria kichwani. Humo huja pia watu wenye mambo madogo, kwani usiku hawana mahali pengine pa kwenda.

Siku moja, katika mji wa Lubumbashi, fundi wa vyuma alikuwa akinoa mlango wa chuma kwa mashine. Miwani yake ya kazi aliitundika ukutani, maana joto lilikuwa kali. Kipande cha chuma kikaruka, kikaingia katika jicho lake la kuume. Fundi alilisugua kwa ngumi, akaendelea na kazi. Jioni jicho likawa jekundu, likatoka machozi, na kila alipopepesa alisikia kama mchanga umo ndani. Jirani mmoja alitaka kulichokoa kwa njiti ya kiberiti. Mwingine alileta majani ya kukamulia. Mke wake akakataa yote mawili. «Baba watoto, twende lopitali.»

Walifika saa mbili ya usiku. Benchi zote zilijaa. Mwuguzi aliyekaa karibu na mlango alimwuliza: kimeingia kitu gani? Ni maji ya batri, ao chokaa, ao chuma? Akamfunika jicho moja, kisha la pili, akamwambia asome herufi za ukutani. Fundi alizisoma karibu zote. Basi mwuguzi akampa kikaratasi cha rangi ya majani mabichi: «Ukae, Baba. Na usisugue.»

Wakakaa. Akaletwa kijana aliyeanguka na pikipiki, akapita mbele. Akaja mama mwenye mtoto anayeshindwa kupumua, akapita mbele. Fundi alinyamaza. Lakini halafu akaingia mvulana anayetembea kwa miguu yake mwenyewe, amefunika jicho kwa mkono, naye alipokewa palepale. Hapo fundi akasimama kwa hasira: «Huyu ni jicho, nami ni jicho, tena mimi nilitangulia! Mbona mnanidharau? Ao amewapa kitu?»

Mwuguzi hakukasirika. «Baba, chuma chako kimekaa mahali pamoja. Mtoto huyu amerukiwa na chokaa ya kujengea. Chokaa inazidi kula jicho kila dakika. Akingoja nyuma yako, atakuwa kipofu kabla wewe hujaitwa.» Kisha akamwuliza kaka wa mvulana kama walimwosha nyumbani. Hawakumwosha, walikimbia tu, na kisima walikipita njiani. Wauguzi wakafunua kope, wakamimina maji nusu saa nzima, mtoto akilia. Fundi alitazama, akakaa tena.

Desturi hiyo si mpya. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Dominique Jean Larrey, mganga wa majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, aliagiza ya kuwa majeruhi watibiwe kwa kadiri ya hatari ya jeraha, bila kutazama cheo. Siku hizi lopitali nyingi za Afrika hufuata rangi nne zilizopangwa huko Afrika ya Kusini tangu mwaka 2004. Mwenye nyekundu hutibiwa palepale. Mwenye rangi ya machungwa asipitishe dakika 10. Mwenye manjano asipitishe saa 1. Mwenye rangi ya majani mabichi aweza kungoja hata saa 4. Ndiyo kusema, anayengojeshwa sana ndiye mwenye bahati kuliko wote, ingawa pale kwenye benchi hakuna anayeona hivyo. Lakini akianza kuona giza, ao maumivu yakizidi, ainuke amwambie mwuguzi. Huko si kuruka zamu.

Karibu na saa sita ya usiku fundi aliitwa. Mganga alitia tone la kuondoa maumivu, kisha tone la rangi ya machungwa, akamulika kwa taa ya buluu: mahali palipokwaruzwa paling'aa kijani. Chuma kilikuwa kidogo kuliko mbegu ya lengalenga. Kilishika juu ya kioo cha mbele cha jicho, ambacho unene wake ni nusu ya milimeta tu. Kioo hicho kikipata kovu katikati, mtu huona ukungu siku zote. Mganga akahakikisha chuma hakikupenya ndani, akakiondoa kwa ncha ya sindano. Akatoa dawa ya mafuta ya kuzuia vijidudu, akamwambia arudi kesho, kwani chuma huweza kuacha kutu jichoni.

Fundi akaomba apewe yale matone ya kwanza, yaliyoondoa maumivu upesi namna ile. Mganga akakataa. Matone yale yakitiwa kila siku huzuia jicho kupona, na mtu huweza kupofuka bila kusikia maumivu.

Kazi yote ilikuwa ya dakika kumi.

MASWALI. — Kwa nini mvulana alipita mbele ya fundi? Fundi alipewa rangi gani, na kwa sababu gani? Mtu wa nyumbani kwenu akirukiwa na chokaa jichoni, mtafanya nini kabla ya kushika njia?