Mtu Aliyekimbilia Mlangoni: Somo juu ya Utumwa na Vita

Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia zenu mahali pawili: Kumbukumbu la Torati 23:15-16, na Waraka wa Paulo kwa Filemoni, ambao ni mfupi na unaweza kusomwa wote. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mrudi kwenye ukurasa huu. Mafungu haya mawili yanazungumzia jambo moja, yaani mtumwa aliyemtoroka bwana wake, lakini jibu lake halionekani kuwa moja. Sheria ya Musa inakataza kumrudisha. Paulo anamrudisha Onesimo, ila hamrudishi kama mtumwa tena. Juu ya jambo hili watu wamemwaga damu, na sehemu ya damu hiyo ilimwagika karibu na hapa tulipo.

Ukifuata barabara ya ziwa kutoka Magara kuelekea kusini, unafika Rumonge. Hapo mwaka 1879 walifika wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe, wakitokea Ujiji. Ilikuwa misheni ya kwanza katika nchi ya Burundi. Siku zile ziwa hili lilikuwa njia ya biashara ya watu. Misafara ilitoka Manyema, ikavuka kwa mitumbwi hadi Ujiji, na kutoka Ujiji ikashika njia ya Tabora mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Mapadri walikuwa wakiwakomboa watoto kwa kulipa bei yao, kisha wakawalea na kuwafundisha.

Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa hapo Rumonge: Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop. Waliowaua walikuwa watu wa chifu Bikari. Ugomvi wenyewe ulihusu mtoto mmoja aliyekuwa amekombolewa. Ni nani mwenye haki juu yake? Upande mmoja ulisema ni wetu, na upande wa pili ukasema ni wetu. Baada ya mauaji hayo misheni iliachwa.

Ndugu msomaji, usilipite haraka neno hilo "wetu". Mtu aliyelipa ili kumtoa mtoto utumwani anajua moyoni kwamba amekomboa. Lakini jirani aliyezoea kuona watu wakiuzwa anaweza kuona mnunuzi mwingine tu. Ndiyo maana ugomvi wa utumwa haukuwa kama ugomvi wa shamba au wa ng'ombe. Shamba linaweza kugawanywa kwa mpaka, na ng'ombe wanaweza kulipwa. Mtoto hagawanyiki, kama Mfalme Sulemani alivyowaonyesha wale wanawake wawili.

Sasa tuvuke ziwa tuingie Kongo, miaka mitano baadaye. Kwenye maporomoko ya mto, mahali palipoitwa Stanley Falls (leo ni Kisangani), Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na kituo cha serikali yake, Dola Huru ya Kongo. Jirani na kituo hicho waliishi wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, watu wa Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Walivumiliana kwa shida. Mwaka 1886 mwanamke mtumwa alimkimbia bwana wake, akaingia kituoni kuomba hifadhi. Bwana wake akamtaka arudishwe. Mkuu wa kituo, Mwingereza aitwaye Deane, akakataa kumtoa. Basi kituo kikashambuliwa. Walipigana siku kadhaa, risasi zikaisha, Deane akakichoma moto na kukimbilia msituni.

Mngedhani kwamba mfalme aliyejitangaza kuwa adui wa utumwa angejibu kwa vita. Hakujibu hivyo. Mwaka 1887, huko Zanzibar, Stanley alimwandikisha Tippu Tip mkataba kwa niaba ya Leopold: awe gavana wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, apandishe bendera ya Dola na kuzuia uvamizi wa kukamata watumwa kuanzia maporomoko kwenda chini ya mto. Juu ya mto aendelee na biashara yake. Maana yake ni kwamba kila upande ulipata ulichotaka: Leopold alipata muda, Tippu Tip alipata cheo na pembe zake za ndovu. Yule mwanamke hakuwamo katika mkataba. (Mimi huwa nakisoma kisa hiki kila nikisikia kwamba wakubwa wamepatana. Huwa nauliza: wamepatana juu ya nani?)

Ni haki niseme pia kwamba mara nyingine mapatano yalizuia damu. Huko Rabai, karibu na Mombasa, misheni ya Waanglikana ilijaa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Wenye watumwa wakatishia vita, na wamisionari wakabanwa kati ya tishio hilo na dhamiri zao. Mwanzoni mwa mwaka 1889 George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ile, alilipa fidia kwa watoro zaidi ya 1,400, nao wakapewa hati za uhuru. Hapa mapatano yaliwataja waliotoroka wenyewe, mmoja mmoja. Tofauti hiyo na mkataba wa Zanzibar ndiyo ninayotaka muione.

Kwetu ziwani mapatano hayakudumu. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa wale Mapadri Weupe, alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka 1889 na 1890 mataifa yakakutana Brussels kuandika mkataba wa kuikomesha. Mwaka 1891 Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alifika ng'ambo ya ziwa na kujenga ngome aliyoiita Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Mwaka uliofuata watu wa Rumaliza wakaizingira. Rumaliza ndiye Muhammad bin Khalfan, bwana wa Ujiji, ambaye hapo nyuma alijaribu kuitia mkononi hata nchi ya kaskazini mwa ziwa letu, akazuiwa na Warundi wa Mfalme Mwezi Gisabo.

Vita vikawaka kote Manyema kuanzia 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikaanguka Aprili. Rumaliza alishindwa Januari 1894, akakimbilia upande wa Wajerumani. Katika vitabu vingi vita hivi huitwa vita vya Wabelgiji na Waarabu. Jina hilo linadanganya kidogo. Maofisa walikuwa Wazungu, na upande wa pili wakuu walikuwa watu wenye asili ya pwani, lakini waliokufa kwa maelfu walikuwa watu wa nchi ile ile, pande zote mbili. Mfano ni Gongo Lutete. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, kisha akawa jemadari wa Tippu Tip, akavamia vijiji kwa ajili yake. Mwaka 1892 akahamia upande wa Dola pamoja na askari wake, akawapiga wenzake wa jana. Mwaka 1893 maofisa wa Dola wakamshtaki kwa uhaini, wakampiga risasi. Mwaka 1895 askari waliokuwa wake wakaasi huko Luluabourg, na maasi yakaendelea kwa miaka. Jirani dhidi ya jirani, na kisasi juu ya kisasi. Sisi tuliolazwa nje na vita tunaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Na tuseme kweli: utumwa ulikuwa sababu iliyosemwa kwa sauti, pembe za ndovu zilikuwa sababu iliyosemwa chini chini. Baada ya ushindi, watu wengi walioitwa waliokombolewa waliandikishwa kuwa askari, na wanavijiji wakalazimishwa kutafuta mpira msituni kwa mijeledi, mpaka dunia ikapiga kelele na Leopold akanyang'anywa Kongo mwaka 1908. Hata Kiswahili hiki tunachoombea kilipanda hadi ziwani kwa njia ya misafara ile ile. Siioni aibu lugha hiyo. Nataka tu tukumbuke ilipita wapi.

Huenda mtu akauliza kama jambo hili ni la Afrika peke yake. Sivyo. Miaka michache kabla ya mambo ya Rumonge, Marekani ilikuwa imepasuka katikati, na mpasuko wake ulipitia mlango ule ule: mtoro. Majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa, ya kaskazini yalikuwa yameacha. Kwa miaka mingi wakubwa walipatana. Mwaka 1820 walichora mstari kwenye ramani, kwamba katika nchi mpya zilizo juu ya mstari huu utumwa usiingie. Mwaka 1850 wakapatana tena, na safari hii sehemu ya bei ililipwa na waliotoroka. Sheria mpya ilisema mtoro aliyekamatwa kaskazini arudishwe, bila baraza la wazee wa mahakama na bila yeye kutoa ushahidi. Mwamuzi alipewa dola 10 akimrudisha, dola 5 akimwachilia. Aliyemficha mtoro au kumsaidia alipigwa faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Raia wa kawaida aliweza kuamriwa asaidie kukamata.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya hapo mtu wa kaskazini aliweza kusema utumwa ni shauri la wale wa kusini. Sasa uligonga mlango wake. Mwaka 1854 mtoro aitwaye Anthony Burns alikamatwa mjini Boston, na askari wenye silaha walimsindikiza mpaka melini huku maelfu ya watu wakisimama barabarani kwa hasira. Mwaka uliofuata mchungaji mweusi wa Kibatisti, Leonard Grimes, alikusanya fedha akamkomboa. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Mwaka 1860 Abraham Lincoln akachaguliwa, majimbo ya kusini yakaanza kujitenga, na Aprili 1861 mizinga ikalia. Ilipotulia mwaka 1865, watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamekufa.

Kwetu sisi watu wa kanisa, kuna tarehe zinazotangulia zote hizo. Wamethodisti wa Marekani waligawanyika mwaka 1844, kwa sababu Askofu Andrew alikuwa na watumwa na hakutaka au hakuweza kuwaacha. Wabatisti waligawanyika mwaka 1845, juu ya swali kama mwenye watumwa anaweza kutumwa kuwa mmisionari. Basi ndugu waliokuwa wakishiriki meza moja ya Bwana waliacha kushiriki miaka 16 hivi kabla ya taifa kugawanyika. Wamethodisti hao waliungana tena mwaka 1939 tu. Pande zote mbili zilihubiri kwa Biblia. Wa kusini walipenda sana Waraka kwa Filemoni: tazama, Paulo alimrudisha mtoro! Wa kaskazini wakafungua Kumbukumbu la Torati.

Turudi basi kwenye waraka wenyewe, maana nadhani waliousoma kwa kutetea sheria ya 1850 waliishia katikati. Paulo hakumfunga Onesimo kamba wala hakupokea dola 10. Anamwita mwanawe. Anamwambia Filemoni ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe, na kama kuna deni, Paulo atalilipa. Someni mstari wa 16 polepole. Wenye watumwa walimtaka Onesimo wa kabla ya mstari huo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani. Katika kukimbia kwetu, familia nyingi zimepokea watoto wasio wao, na familia nyingine zimetoa watoto wao kwenda kufanya kazi za ndani mjini kwa ahadi ya chakula na shule. Kama yuko mtoto kama huyo kwenu: anakula pamoja na wengine au baada yao? Nani huamka kwanza kuchota maji? Akija ndugu yake kumdai, tutasema ni wa nani, na je, tutamwuliza yeye mwenyewe? Kama mtoto wako yuko kwa watu, mara ya mwisho ulimwona lini? Watoto nao wapewe nafasi ya kusema katika mazungumzo haya. Wazee wasiwakatize.

Katika toleo lijalo tutasoma 1 Samweli 30:11-15, habari za kijana Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki, aliyeachwa njiani na bwana wake kwa sababu aliugua. Msome kabla, na mtafute katika mstari wa 15 ni jambo gani alilomwomba Daudi amwapie.