Maradhi ya Njia ya Mkojo: Somo kwa Wenye Nyumba na Waalimu

Jambo tutakalolinena mwezi huu wengi huona haya kulisikia, na wengine watadhani ya kuwa halifai kuandikwa katika gazeti la usharika. Walakini haya hiyo ndiyo iliyowadhuru watu. Miaka kadhaa iliyopita mume na mke walikuja mbele yetu wazee. Mume alisema ya kwamba mkewe hulia kwa uchungu aendapo haja ndogo, naye mwenyewe hana maumivu yo yote. Basi amekata shauri kuwa mke amezini akapata kisonono. Mke alikana kwa machozi. Nasi, badala ya kuwaambia waende kwa daktari, tulikaa barazani siku mbili tukiuliza mashahidi. Siku ya tatu yule mama alishikwa na homa ya kutetemeka, akatapika, akachukuliwa hospitalini juu ya kitanda. Mkojo wake ulipopimwa haukuonekana kisonono. Vilionekana vijidudu vikaavyo katika matumbo ya kila mtu, navyo vilikuwa vimekwisha kupanda hata figo. Alipona. Lakini mimi niliyekuwa mmoja wa wazee wale sijasahau siku zile mbili, na kwa ajili yake naandika somo hili.

Yafaa kwanza tujue njia yenyewe. Figo ni mbili, nazo zimekaa mgongoni chini ya mbavu, moja kuume na moja kushoto. Huchuja damu, na takataka zake hushuka pamoja na maji kwa mirija miwili myembamba hata kibofu. Kibofu kikijaa, mkojo hutoka nje kwa mrija mmoja. Huo wa mwisho ndio mlango wa adui. Kwa mwanamume urefu wake wapata sentimita 20. Kwa mwanamke ni kama sentimita 4 tu, tena kinywa chake ki karibu na njia ya haja kubwa. Hiyo ndiyo sababu wanawake huugua zaidi, hata kadiri ya nusu yao hupatwa angalau mara moja maishani. Jambo hili latoka katika maumbile, wala si ushahidi wa uchafu au uasherati.

Adui mwenyewe mara nyingi ni bakteria iitwayo Escherichia coli, kwa jina la tabibu wa watoto, Theodor Escherich, aliyeieleza mwaka 1885. Katika wagonjwa kumi wa kibofu, yapata wanane wana hiyo. Tumboni kwa kawaida haina neno. Ni kama mbuzi: zizini hana hasara, shida ni akiingia shambani.

Hapa sina budi kusahihisha neno moja lililoenea sana nchini kwetu, ya kuwa UTI, kama watu waiitavyo sasa, huambukizwa kwa vyoo vichafu. Choo kichafu ni kibaya, chaleta kuhara na kipindupindu. Lakini vijidudu vya ugonjwa huu mgonjwa hutembea navyo mwilini mwake mwenyewe. Walakini choo cha shule chaweza kudhuru kwa njia nyingine. Binti akikiogopa kwa uchafu wake, au kwa kuwa hakina mlango, hujizuia tangu asubuhi hata jioni, tena hukataa kunywa maji asije akahitaji kwenda. Mkojo ukikaa kibofuni saa nyingi, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Wazee wa shule wanaokusanya fedha za kengele na bendera wangefanya vema kuanza na mlango wa choo.

Dalili za kibofu ni hizi: mkojo huchoma, mtu huenda mara kwa mara na kutoa kidogo tu, huumwa chini ya kitovu, na mkojo huwa na ukungu, pengine na damu. Ugonjwa ukipanda katika figo, huja homa kali, kitapo, maumivu ya ubavuni au mgongoni, na kutapika. Mtu wa namna hii asingojeshwe hata kesho. Mtoto mchanga hawezi kueleza. Yeye huwa na homa isiyojulikana asili yake, hukataa kunyonya, au hulia anapokojoa. Kwa wazee wanaume, ugonjwa huu waweza kuwa ishara ya tezi dume iliyokua na kuziba njia. Wenye kisukari nao wawe macho.

Tena wako wenye mimba. Hao huweza kuwa na bakteria katika mkojo bila kusikia maumivu yo yote, na wasipotibiwa baadhi yao huugua figo, na mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo mkojo hupimwa kliniki hata kama mama asema hajambo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 liliagiza mama wa namna hii apewe dawa siku 7. Kwa watu wengine wazima, bakteria zikionekana bila dalili, kwa kawaida haifai kuwapa dawa.

Ndugu waalimu wa pwani, wa Unguja na Pemba, na wa nchi zenye madimbwi, msichanganye ugonjwa huu na kichocho. Kichocho hakitokani na bakteria, bali na mnyoo ukaao katika mishipa ya damu kandokando ya kibofu. Theodor Bilharz aliugundua mjini Cairo mwaka 1851. Mayai yake yana mwiba, nayo hutoboa kibofu, ndipo damu huonekana, hasa mwisho wa kukojoa. Mtoto huupata kwa kuoga katika maji yenye konokono wanaoubeba. Dawa za bakteria haziuui. Dawa yake ni prazikwanteli. Kikiachwa miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu. Mvulana akikojoa damu, msimwambie kwamba anakua.

Dawa za kuua bakteria zipo, na kwa ugonjwa wa kibofu wa mwanamke asiye na mimba mara nyingi siku 3 au 5 zatosha, kwa kadiri ya dawa. Wa figo huhitaji siku zaidi. Lakini sharti zitolewe na ajuaye, nazo zinywewe kama zilivyoagizwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliwaonya watu ya kuwa kutumia dawa pungufu huvifundisha vijidudu kuishinda. Leo twaona ilivyokuwa. Mtu hununua vidonge viwili dukani, akipata nafuu huacha, ugonjwa ukirudi huuita "sugu". Mwenye kurudiwa aombe mkojo wake uoteshwe, ijulikane ni dawa gani iwezayo. Na mtu mzima mwenye homa tu, asiye na dalili ya mkojo, asikubali upesi kuambiwa ana UTI. Na apimwe malaria kwanza. Madafu ni kinywaji chema, wala siwakatazi, illa hayatoshi kuponya.

Kujikinga hakuna gharama kubwa. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya wanawake 140 waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa huu, nao walikuwa wanywaji wa maji machache. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kila siku. Kwa muda wa mwaka waliugua kama mara 1.7, na wenzao mara 3.2. Basi maji. Tena mwanamke ajisafishe toka mbele kwenda nyuma, asijioshe ndani kwa sabuni wala dawa za manukato, asijizuie haja, na aende kukojoa baada ya kukutana na mumewe.

Kisonono nacho kipo, nacho huchoma vilevile. Sisemi kwamba hakipo. Lakini baraza haliwezi kuvitenga kwa kuuliza mashahidi. Kipimo huvitenga, na kikionekana kisonono mume na mke watibiwe wote wawili. Mwambieni mgonjwa atakayetoa mkojo ya kuwa ajioshe kwanza kwa maji, aache wa mwanzo upite, akinge wa katikati katika chombo safi alichopewa hospitalini, asikiguse ndani kwa vidole, akapeleke upesi, kabla ya saa mbili kupita.