Dondoo muhimu: Chapati nene za ndimu na jibini laini

Kupata maziwa si shida mjini Garsen. Pamoja nayo, unga vikombe 2, beking pauda vijiko vidogo 2, mayai 2, ndimu 3 na sukari kidogo vinatosha kwa staftahi ya watu wanne.

• Nunua lita 1 ya maziwa ya ng'ombe; ya ngamia hayagandi vizuri kwa ndimu.
• Yachemshe hata kama muuzaji anaapa ni safi, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela.
• Epua, kisha kamulia ndimu 2 polepole. Yakishakatika, usikoroge tena.
• Chuja kwa kitambaa safi, lakini usikamue mpaka jibini likauke.
• Usimwage maji yake! Yakipoa, korogea unga uliochanganywa na sukari na beking pauda, badala ya maji ya mtoni.
• Kwaruza ganda la ndimu ya tatu, ile rangi ya juu tu. Weupe wake ni mchungu.
• Tia viini, ganda na jibini, ukoroge mara chache. Hapa ndipo wengi huharibu: wanakoroga kama uji, chapati zinatoka ngumu. Mabonge madogo si kitu.
• Piga ute wa mayai kando hadi utoe povu jeupe, uuchanganye mwisho.
• Punguza makaa, kisha mimina rojo kikaangoni. Moto mkali huunguza nje, ndani kukabaki kubichi.
• Geuza mara moja tu, vitundu vikitokea juu. Usikandamize kwa mwiko.
• Jibini lililobaki lile asubuhi hiyo hiyo. Kwa joto la Garsen, bila friji halifiki jioni.