Tansio, presha, shinikizo: neno linafika wapi, dawa inaanzia wapi?

Mwaka uliopita, katika somo la istilahi, tulipewa kazi ya kutafsiri karatasi moja ya afya kutoka Kifaransa. Ilihusu ugonjwa ambao hapa Lubumbashi kila mtu anauita tansio. Mimi niliandika "shinikizo la juu la damu", kama vitabu vya Kiswahili sanifu vinavyotaka, nikapata alama nzuri. Jioni nilimsomea baba mdogo, ambaye ana ugonjwa huo tangu miaka kadhaa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, shinikizo si ile ya kwenye redio? Ile wanaweka kwa serikali?"

Nilimjibu kwamba ni tansio. "Basi andika tansio," akasema. Halafu akaongeza jambo lililoninyima usingizi. Alikuwa ameacha vidonge miezi miwili nyuma. Nilipomuuliza sababu, alisema: "Roho yangu imetulia siku hizi. Tansio itatoka wapi?"

Kumbe nilikuwa na matatizo mawili. La kwanza, neno langu halikueleweka. La pili ni kubwa zaidi: neno lake lilieleweka, lakini lilimdanganya. Nilianza kutafuta kama kuna mahali pengine watu waliochunguza jambo hili, yaani uhusiano wa jina la ugonjwa, mtu anayelitamka, na mgonjwa anayelisikia. Niliyoyapata yalinipeleka Marekani, kwa wanaume weusi wa nchi ile, ambao zaidi ya nusu ya watu wazima wao wana ugonjwa huu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba neno linaloeleweka ni sharti la kwanza la afya, lakini peke yake haliponyi; na likiwa mdomoni mwa mtu anayeficha jambo, linaweza hata kuua.

1. Jina moja, maana mbili

Tuanze na uchambuzi wa maneno yenyewe. "Tansio" limetoka katika Kifaransa. "Presha", wanalotumia wenzetu wa Kenya na Tanzania, limetoka katika Kiingereza. "Shinikizo" limeundwa kwa kitenzi chetu wenyewe, kushinikiza. Asili zao ni tatu, lakini maana zao zimefuata njia moja.

Kwanza, yote matatu ni majina ya kipimo, yakageuzwa kuwa jina la ugonjwa. Kila mtu aliye hai ana msukumo wa damu katika mishipa yake. Hata hivyo tunasema "niko na tansio" kana kwamba wengine hawana. Kitu kilichodondoka ni sifa: "ya juu". Wanaisimu wanaiita hali hii kufinyika kwa maana, na si kosa. Lugha zote zinafanya hivyo.

Pili, maneno haya yana maana nyingine ya moyoni. Anayesema "usinipe presha" hazungumzii mishipa. Kifaransa nacho kina tansio ya damu na tansio kati ya watu wawili waliogombana. Hapo ndipo baba mdogo alipotelea: kama tansio ni wasiwasi, basi asiye na wasiwasi amepona. Lakini ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili yoyote. Mtu anaweza kulala vizuri, kucheka na kula, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiharibika polepole.

Neno la kitaalamu la Kiingereza, hypertension, lina mtego huohuo. Mwanaanthropolojia Suzanne Heurtin-Roberts aliwasikiliza wanawake weusi wa mji wa New Orleans waliokuwa na ugonjwa huu, akachapisha matokeo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aligundua kwamba wengi wao walitenganisha magonjwa mawili. Moja waliliita high blood: ugonjwa wa damu yenyewe, damu iliyo nzito au yenye moto kupita kiasi, unaotokana na ukoo na chakula. La pili waliliita high-pertension: ugonjwa wa neva, unaopanda mtu akikasirika na kushuka akitulia. Daktari alikuwa na ugonjwa mmoja tu kichwani. Mgonjwa alikuwa na mawili. Walioamini hilo la pili walikuwa wazito zaidi kufuata dawa. Niliposoma hivyo, nilisikia sauti ya baba mdogo.

2. "Damu mbaya": neno la watu katika kinywa cha serikali

Hapa mwanafunzi wa lugha anaweza kusema haraka: dawa ni kutumia maneno ya watu wenyewe. Mimi pia nilisema hivyo. Historia ya Tuskegee ilinizuia.

Mwaka 1932, katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Hawakuambiwa jina la ugonjwa. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Neno hilo halikubuniwa ofisini. Lilikuwa neno la wenyeji, lililobeba uchovu, upungufu wa damu, kaswende na mengine. Kwa kipimo cha darasa letu, hiyo ni tafsiri safi: fupi, ya kienyeji, inaeleweka na kila mtu.

Lakini matibabu hayakuwepo. Kuchomwa sindano ya uti wa mgongo, ambako kulikuwa uchunguzi tu, kulielezwa katika barua kama matibabu maalumu ya bure. Walipewa chakula, usafiri na ahadi ya gharama za maziko. Aliyewafuata nyumbani na kuwabeba kwa gari alikuwa muuguzi mweusi, Eunice Rivers, mtu wa kwao, waliyemwamini. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa. Jambo hili lilikoma mwaka 1972, baada ya mwandishi wa habari Jean Heller kulifichua. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 1997.

Kwa hiyo Tuskegee ilikuwa na neno la watu na msemaji wa watu. Kilichokosekana ni ukweli na tendo. Tangu hapo, mwanaume mweusi wa Marekani anayesita mbele ya daktari hasukumwi na ujinga. Anakumbuka.

3. Kiti cha kinyozi

Sasa twende Los Angeles. Daktari Ronald Victor, wa hospitali ya Cedars-Sinai, alikuwa amejaribu kwanza mjini Dallas kuwatumia vinyozi katika mapambano dhidi ya tansio. Kwa nini vinyozi? Kwa sababu duka la kinyozi mweusi ni mahali pa mazungumzo. Mwanaume anarudi kila wiki mbili au tatu, kwenye kiti kilekile, kwa mtu yuleyule, kwa miaka. Wanazungumza siasa, mpira, ndoa na madeni. Kinyozi hahitaji mkalimani: anajua mzaha wa mteja wake na anajua anaponyamaza.

Matokeo ya utafiti wa Los Angeles yalichapishwa mwaka 2018. Walishiriki wanaume weusi 319, wateja wa maduka 52 yanayomilikiwa na weusi, wote wakiwa na kipimo cha juu cha 140 au zaidi. Hapa kwetu tungesema kumi na nne kwenda juu. Maduka yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili.

(a) Katika kundi moja, kinyozi alimhimiza mteja abadili maisha na kwenda kumwona daktari wake.

(b) Katika kundi la pili, kinyozi alimhimiza akutane na mfamasia aliyefundishwa kazi hiyo, palepale dukani. Mfamasia alipima, akaandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, akafuatilia.

Baada ya miezi sita, kipimo cha juu kilishuka kwa pointi 9 hivi katika kundi la kwanza. Katika kundi la pili kilishuka kwa pointi 27, kutoka wastani wa 153 hadi 126. Waliofika chini ya 130 kwa 80 walikuwa karibu 12 kwa mia katika kundi la kwanza, na karibu 64 kwa mia katika la pili.

Naomba wasomaji wasimame hapa kidogo. Watu wengi wanasimulia utafiti huu kama ushindi wa kinyozi. Lakini kinyozi alikuwepo katika makundi yote mawili! Lugha ileile, imani ileile, kiti kilekile. Kilichotofautiana ni kwamba upande mmoja neno lilimtuma mtu aende mbali, na upande mwingine neno lilikabidhiwa mkononi mwa dawa. Kwetu sisi wa kitivo cha lugha matokeo haya yanauma kidogo, na inafaa yaume.

4. Picha haitoshi, mazungumzo yanatosha?

Utafiti mwingine unaturudishia heshima kiasi. Mjini Oakland, Marcella Alsan na wenzake waliwaalika wanaume weusi wapatao 1,300 kwenye kliniki, wengine wakiwa wamepatikana kwa vinyozi na sokoni. Kila aliyefika alipangiwa daktari kwa bahati nasibu: mweusi au asiye mweusi. Kwanza alionyeshwa picha ya daktari na kuulizwa anataka vipimo gani. Hapo hakukuonekana tofauti kubwa. Kisha alikutana naye ana kwa ana, na aliruhusiwa kubadili uamuzi. Sasa tofauti ilijitokeza: waliokutana na daktari mweusi walikubali vipimo zaidi, hasa vya kutolewa damu na kuchomwa sindano. Pia walimweleza zaidi matatizo yao.

Rangi ya uso kwenye picha haikufanya kazi. Mazungumzo ndiyo yaliyofanya. Na tena, kipimo kilikuwa tayari chumba hichohicho.

5. Tunajifunza nini

Nimeandika upya karatasi yangu. Sikuondoa "shinikizo la damu", kwa sababu mwanafunzi wa udaktari atalihitaji vitabuni. Lakini nimeliweka la pili. Sentensi za kwanza sasa ni hizi: "Tansio ya damu si wasiwasi. Unaweza kutulia na bado iko juu. Kipimo tu ndicho kinajua. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Umuulize kwanza munganga." Neno "munganga" halimo katika Kiswahili sanifu kwa umbo hilo, nami nilikatwa alama moja. Nimekubali.

Nilimsomea tena baba mdogo. Safari hii hakuuliza habari za redio. Alisema: "Sasa nimesikia. Na vidonge ni pesa ngapi?" Swali hilo halimo katika karatasi ya Kifaransa, kwa hiyo halikuwemo katika tafsiri yangu. Tulikwenda pamoja kwenye famasi kuuliza. Amerudia dawa, mwezi uliopita alipimwa, ikawa kumi na tano kwa tisa. Bado iko juu, lakini mwanzoni ilikuwa kumi na nane.

Kwa wenzangu wa darasa, na kwa walimu wetu wakipenda, napendekeza mazoezi matatu:

Moja: chagua jina la ugonjwa mmoja linalotumika mtaani kwako. Waulize watu watano maana yake, bila kuwasahihisha. Hesabu umepata magonjwa mangapi.

Mbili: soma tafsiri yako kwa mgonjwa kabla ya kumpa mwalimu. Andika swali la kwanza analouliza.

Tatu: tafuta swali hilo katika matini ya asili. Kama halimo, mwambie aliyekutuma kutafsiri. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi yetu.